Mnunuzi Hewa: Namna ya Kushiriki Mnada wa Mtandaoni Bila Kupandishiwa Bei

Juni 2013 mwanamume mmoja wa Ujerumani aliweka gari lake lililotumika, Volkswagen Golf, kwenye mnada wa eBay kwa bei ya kuanzia euro 1. Mtu wa kwanza, asiyejulikana ni nani, akatoa hiyo euro moja. Akaingia mnunuzi wa pili, na kuanzia hapo bei ikashika kasi: kila alipoongeza dau, kulikuwa na mtu wa kumjibu. Mnada ulipofungwa bei ilikuwa imefika euro 17,000, na mnunuzi yule hakulipata gari, kwa kuwa mshindani wake alikuwa amemtangulia kufika kiwango hicho hicho. Baadaye ikajulikana kwamba mshindani huyo ni mwenye gari mwenyewe. Alifungua akaunti ya pili na kuitumia kujipandishia bei.

Mnunuzi hakukubali yaishe. Alikwenda mahakamani, na kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Karlsruhe. Tarehe 24 Agosti 2016 majaji waliamua kwamba dau la muuzaji juu ya mali yake mwenyewe si dau. Madau yake yote yakiondolewa, wanabaki watu wawili tu: yule wa euro 1, na mnunuzi aliyempita kwa hatua moja ya senti 50. Kwa hiyo, kisheria, gari liliuzwa kwa euro 1.50. Kwa vile muuzaji alisema ameshaliuza kwingine, ilimpasa alipe fidia ya thamani yake, iliyokadiriwa kuwa euro 16,500.

Ni wachache wanaobahatika hivyo. Wengi hulipa bei iliyopandishwa, hupokea mzigo, na hawajui kamwe kwamba mtu waliyekuwa wakishindana naye hakuwapo. Lugha ya mitaani imeshazoea mfanyakazi hewa na mwanafunzi hewa. Katika minada ya mtandaoni yupo mnunuzi hewa. Hana haja ya bidhaa, hana nia ya kulipa, na kazi yake ni moja: kumfanya mnunuzi wa kweli aamini kwamba kitu hicho kinagombewa.

Katika mnada wa ng'ombe, washindani huonana uso kwa uso. Shemeji ya muuzaji akianza kupandisha bei ya fahali, kuna atakayemtambua na kunong'ona. Mtandaoni majina yamefunikwa, na mnunuzi anaona namba zikipanda tu. Ndiyo maana ushauri ulio chini ya mengine yote katika makala haya ni huu: pale ambapo majina hayaonekani, dau la mtu mwingine lisichukuliwe kuwa ushahidi wa thamani ya kitu. Thamani itafutwe nje ya mnada, kabla ya kuingia.

Jinsi mchezo unavyochezwa

Ili kuuelewa udanganyifu huu, lazima kwanza kuelewa namna dau linavyofanya kazi kwenye mitambo ya aina ya eBay. Mnunuzi haweki bei anayolipa. Anaweka ukomo wake, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho yuko tayari kutoa. Ukomo huo ni siri. Mtambo unampandishia dau kidogo kidogo kwa niaba yake, kwa kadiri tu inavyohitajika kumpita anayemfuata. Mwishoni mshindi hulipa dau la mtu wa pili na hatua moja juu yake. Kwenye eBay ya Marekani hatua hiyo ni dola 2.50 bei ikiwa kati ya dola 100 na 249.99, na dola 5 ikiwa kati ya 250 na 499.99.

Mpango huu una mantiki nzuri. Mchumi William Vickrey aliuchambua mwaka 1961, na mwaka 1996 akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, siku tatu tu kabla ya kufariki dunia. Hoja yake ni kwamba mshindi akilipa dau la mtu wa pili badala ya la kwake, hana sababu ya kuficha thamani anayoiona katika kitu. Aandike ukomo wake wa kweli na kutulia. Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: huyo mtu wa pili awe mtu halisi. Muuzaji akijiweka yeye kwenye nafasi ya pili, ukomo wa siri wa mnunuzi unageuka kuwa akiba ya muuzaji.

Chukua kamera inayouzwa mnadani. Mnunuzi ameweka ukomo wa dola 300, na kwa kuwa mshindani wake wa kweli aliishia dola 117.50, bei inayoonekana ni dola 120. Zimebaki siku mbili. Inaingia akaunti mpya, ya muuzaji au ya rafiki yake, na kuweka dola 150. Mtambo unajibu papo hapo: 152.50. Akaunti ile inaweka 200, mtambo unajibu 202.50. Inaweka 250, mtambo unajibu 255. Sasa muuzaji anajua kwamba chini kuna fedha zaidi. Anaweka 310, na safari hii ndiye anayeongoza, kwa bei ya dola 305. Ameshaujua ukomo: dola 300.

Tatizo lake sasa ni kwamba kamera yake ameshinda yeye mwenyewe. Anabonyeza kitufe cha kufuta dau na kuchagua sababu ya kukosea kuandika kiasi. eBay inaruhusu jambo hilo. Na kama zimebaki zaidi ya saa 12 kabla ya mnada kufungwa, madau yote ya akaunti hiyo katika mnada huo yanaondolewa. Bei inarudi dola 120. Kesho yake akaunti nyingine inaweka dola 295, mara moja tu, na kunyamaza. Mtambo unampandisha mnunuzi hadi 300. Anapata ujumbe wa pongezi, na pengine anafurahi kwamba ameponea chupuchupu. Amelipa dola 180 zaidi ya bei ambayo soko lilimwekea.

Majina yalivyofunikwa

Mwanzoni hali haikuwa hivi. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake mtandaoni, ndio eBay ya leo, mjini San Jose, California, Septemba 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kifaa cha miale ya leza kilichoharibika, kikapata dola 14.83. Kwa miaka kama kumi hivi iliyofuata, kila mtu aliweza kuona jina la mtumiaji aliyetoa dau. Jina hilo halikuwa la ubatizo, lakini lilitosha kumfuatilia mtu kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Wanunuzi wenye jicho kali waliunda mazoea ya kuchunguzana na kuripoti wauzaji waliokuwa na washindani wale wale kila wiki.

Uwazi huo ulikuwa na upande wake mbaya. Matapeli waliwasaka watu walioshindwa katika minada ya vitu vya bei kubwa na kuwaandikia barua pepe: mshindi ameshindwa kulipa, kama bado unakitaka kitu hiki tuma fedha huku. Barua hizo zilionekana kana kwamba zimetoka kwa muuzaji, na waliotuma fedha hawakuona mzigo. Mwishoni mwa 2006 eBay ilianza kuyafunika majina ya washindani katika minada ya vitu vya thamani kubwa. Januari 2007 gazeti la Sunday Times la Uingereza likachapisha uchunguzi kuhusu wauzaji waliokuwa wakijipandishia bei, na wanunuzi wengi wakalalamika kwamba pazia hilo limewapa wadanganyifu mahali pa kujificha. Baadaye ukaja mtindo uliozoeleka hadi leo: herufi mbili na nyota katikati, kama a***k, pamoja na idadi ya alama za sifa za akaunti hiyo.

Hoja za pande zote mbili zina uzito. Anayenunua pete ya almasi hataki dunia nzima ijue. Hata hivyo, pazia lile lile linalomlinda yeye linamlinda pia anayemwibia, na kazi ya kuchungulia nyuma yake imeachiwa kampuni yenye mnada, ambayo ushuru wake hukatwa kutoka kwenye bei ya mwisho.

Waliokamatwa

Kesi iliyofungua macho ya wengi ilitokea Mei 2000. Mchoro mkubwa wa rangi za kijani na machungwa uliwekwa eBay kwa bei ya kuanzia senti 25. Muuzaji alijifanya mwenye nyumba wa kawaida, asiyejua sanaa, aliyeokota picha hiyo katika uuzaji wa vitu vya nyumbani huko Berkeley. Hata tundu lililokuwa kwenye turubai alilitolea maelezo kwamba ni kazi ya mtoto. Kwenye kona ya picha kulionekana herufi RD na namba 52. Wanaojua sanaa wakakumbuka Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa California, na bei ikapaa hadi dola 135,805.

Muuzaji alikuwa Kenneth Walton, wakili wa Sacramento. eBay iligundua kwamba alikuwa ametoa dau katika mnada wake mwenyewe, ikafuta mauzo. Uchunguzi wa serikali ukafichua kwamba Walton na wenzake wawili walikuwa wakitumia zaidi ya majina 40 ya bandia kupandishiana bei katika minada mingi. Walton alikiri kosa, akapoteza uwakili, na mwaka 2006 akatoa kitabu kueleza jinsi walivyofanya. Mbinu yao haikuwa na ufundi wowote wa kompyuta. Ilikuwa marafiki watatu, majina mengi, na hadithi nzuri.

Kampuni kubwa nazo zimo. Mwaka 2007 wauzaji wa vito wa New York walikubali kulipa dola 400,000 baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo hilo kuwatuhumu kwamba wafanyakazi wao walitoa maelfu kwa maelfu ya madau kwenye vito vya kampuni yenyewe. Nchini Uingereza, mwaka 2010, mwendesha biashara ya mabasi madogo aliyejinadia vitu vyake mwenyewe, na kwa akaunti ya pili akajisifu kuwa muuzaji bora, alitozwa faini ya pauni 5,000 na kupewa saa 250 za kazi za jamii.

Mzito kuliko wote ni Bill Mastro wa Illinois, aliyekuwa mfalme wa minada ya kumbukumbu za michezo nchini Marekani. Mnada wake ulipokea madau kwa simu na kwa mtandao. Mwaka 2013 alikiri mahakamani kwamba kampuni yake ilipandisha bei kwa madau ya uongo, na pia kwamba alikata kingo za kadi maarufu ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ili ionekane mpya zaidi. Kadi hiyo ilikuwa imeuzwa kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2015 Mastro alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Waliolipa bei za juu kwake walikuwa wakusanyaji wenye uzoefu wa miaka, si watu wa kuingizwa mjini kirahisi.

Kusoma historia ya madau

Mnunuzi wa kawaida hana uwezo wa polisi, lakini ana ukurasa mmoja ambao wengi hawaufungui: historia ya madau. Kwenye eBay unafunguliwa kwa kubonyeza idadi ya madau iliyoandikwa kando ya bei. Ndani yake kuna kila dau, saa lilipotolewa, na madau yaliyofutwa. Akibonyeza herufi zilizofunikwa za mshindani, anapata muhtasari wa siku 30 za akaunti hiyo: vitu vingapi imevitolea dau, mara ngapi imefuta, na asilimia ya madau yake iliyoelekezwa kwa muuzaji huyu.

Asilimia hiyo ndiyo ya kutazamwa kwanza, ila isisomwe peke yake. Akaunti iliyotoa dau moja tu mwezi mzima lazima ionyeshe asilimia 100 kwa muuzaji mmoja, na hilo halithibitishi chochote. Kadhalika mkusanyaji wa stempu za Zanzibar za zamani anaweza kumrudia muuzaji yule yule kwa sababu ndiye mwenye bidhaa hiyo. Kinachotia shaka ni akaunti iliyotoa madau kwenye vitu kumi na tano vya muuzaji mmoja, vitu visivyofanana hata kidogo, leo viatu, kesho redio, keshokutwa saa ya ukutani, bila dalili ya kuhitaji chochote hasa.

Ya pili ni mwendo wa madau. Anayetaka kitu kwa dhati ama huweka ukomo wake na kuondoka, ama husubiri mwisho. Mnunuzi hewa huja mapema, tena kwa mkupuo: madau matano au sita ndani ya dakika mbili, kila moja likipanda kidogo, kisha ghafla anasimama mara tu anapokaribia au kugusa ukomo wa mwenzake. Dakika za mwisho, wakati wengine wanahangaika, yeye hayupo. Hawezi kuwapo, kwa maana akishinda atakuwa amejiuzia mwenyewe na bado anadaiwa ushuru.

Ya tatu ni madau yaliyofutwa. Kukosea tarakimu hutokea, lakini mtu aliyekosea kweli hurudi mara moja na kuweka dau sahihi. Aliyefuta na kutoweka, baada ya kuupita ukomo wa mnunuzi, alikuwa akichunguza. Dalili ya nne huonekana baada ya mnada: kitu kilichodaiwa kuuzwa kinarudi sokoni baada ya siku chache, kwa picha zile zile na mikwaruzo ile ile. Huenda mshindi alishindwa kulipa. Ikijirudia mara mbili au tatu kwa muuzaji mmoja, inaelekea mshindi alikuwa yeye.

Dalili moja ni mashaka. Zikikutana tatu, mnunuzi auache mnada huo na kutafuta kwingine. Bidhaa nyingi zina pacha wake kwa muuzaji mwingine wiki hiyo hiyo.

Kujikinga kabla ya dau la kwanza

Kinga bora ni bei iliyotafutwa nje. Kwenye eBay mnunuzi anaweza kuchuja matokeo ili aone vitu vilivyouzwa tayari badala ya vile vinavyotangazwa. Bei za matangazo ni matamanio ya wauzaji. Bei za mauzo zinakaribia ukweli, ingawa nazo zinaweza kuwa na madau hewa ndani yake. Kwa hiyo achukue kadhaa, atupe ile ya juu kabisa, na kukisia kutokana na zilizobaki. Kisha aondoe gharama ya usafirishaji, ushuru wa forodha na ada ya kubadilisha fedha. Kinachobaki ndicho ukomo wake, na akiandike mahali kabla ya kufungua ukurasa wa mnada.

Ukomo usiwe namba ya mviringo. Anayechungulia kwa madau ya hewa hupima 100, 150, 200, 300, na mshindani wa kweli naye huishia hapo hapo. Dola 304.17 inaweza kumshinda mwenye 300 kwa tofauti ndogo.

Ukomo huo uwekwe mara moja, na uwekwe mwishoni. Dau lililokaa siku tano linampa mdanganyifu siku tano za kulichokonoa. Lililowekwa sekunde kumi kabla ya kufungwa halimpi nafasi. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili katika utafiti walioutoa mwaka 2002. Walilinganisha eBay, ambako saa ikifika mnada unafungwa, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambako kila dau la dakika za mwisho liliongeza muda wa dakika kumi. Waliona kwamba madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay. Roth alipata Nobel mwaka 2012. Somo kwa mnunuzi ni kwamba kabla ya kushiriki asome kanuni ya kufunga. Mnada ukiwa wa kuongeza muda, kuvizia mwisho hakumsaidii, na kinga inayobaki ni nidhamu ya ukomo.

Na nidhamu hiyo ndiyo ngumu. Ujumbe wa kwamba kuna mtu amekupita umetengenezwa ili uchome. Aliyeandika 300 anajiambia kwamba 310 si tofauti kubwa, kisha 325, kisha 340, na kila hatua anashindana na mtu ambaye pengine hayupo. Kama mtandao unampa uwezo wa kuzima taarifa hizo kwenye simu, azizime hadi mnada uishe.

Barua ya bahati ya pili

Mnunuzi aliyeshindwa hajamaliza hatari. Kwenye eBay muuzaji anaruhusiwa kumpa aliyeshindwa nafasi ya kununua kwa dau lake la mwisho iwapo mshindi hakulipa au kama muuzaji ana kitu kingine cha aina hiyo. Wakati mwingine ni jambo la kweli. Wakati mwingine ni muuzaji aliyejipandishia bei akazidisha, akashinda mwenyewe, na sasa anamrudia mteja aliyemfukuza.

Mnunuzi asikimbilie kulipa. Kwanza ahakikishe kwamba pendekezo limo ndani ya akaunti yake ya mnada, si kwenye barua pepe au WhatsApp pekee. Pili, afungue historia na kuutazama mwenendo wa huyo aliyeshinda. Kama ndiye aliyepandisha bei, mnunuzi ana haki ya kujadili: atoe bei ya hatua moja juu ya mahali ambapo mshindani wa kweli aliishia, kama dola 120 za kamera ile, na muuzaji aamue. Tatu, fedha zisitoke nje ya mfumo wa malipo wa mnada. Anayeomba zitumwe moja kwa moja kwa namba ya simu au akaunti ya benki anaomba mnunuzi aache ulinzi wake mlangoni.

Magari ya Japani na mtu wa kati

Kwa Watanzania na Wakenya wengi, mnada mkubwa wa mtandaoni wanaoufikia ni wa magari ya Japani. Minada kama ya kampuni ya USS huuza kwa wanachama tu. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa lazima apitie kwa wakala. Wakala hubonyeza, bei hupanda kwa hatua ndogo, na gari moja huisha kwa muda mfupi sana. Majina ya washindani hayaonekani, na mara nyingi mnunuzi haoni hata madau yenyewe. Anaambiwa tu gari limepatikana kwa kiasi fulani.

Hapa anayeweza kupandisha bei ni yule aliyetumwa kuishusha. Mteja akimwambia wakala kwamba ukomo wake ni yeni 600,000, kisha gari likaangukia 480,000, hakuna kinachomlazimisha wakala mbovu kuitaja 480,000. Dawa yake ni mkataba na karatasi. Kabla ya kuweka amana, mteja aulize kama wakala anatoza ada maalumu juu ya bei ya mnada au anauza kwa bei moja iliyofungwa. Mifumo yote miwili ni halali, lakini katika wa pili bei ya mnada haimhusu mteja, na alinganishe bei iliyofungwa na za wauzaji wengine. Katika wa kwanza, adai kwa maandishi kwamba ataonyeshwa bei ambayo gari liliangukia, pamoja na karatasi ya ukaguzi ya mnada yenye daraja la gari, kilomita na mchoro wa mikwaruzo. Daraja la R au RA huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa, na gari la namna hiyo halilingani bei na lile la daraja la 4 hata kama picha zao zinafanana.

Ushahidi na sheria

Muuzaji anayejinadia hana pa kujitetea kwa kusema kwamba ndiyo biashara. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya Kenya na ya Tanzania zote zimerithi kanuni ya sheria ya Uingereza ya 1893: kama haikutangazwa kwamba muuzaji amejiwekea haki ya kutoa dau, ni kosa kwake kujinadia au kumtuma mtu, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Sheria ya biashara ya Marekani inampa mnunuzi uchaguzi wa kuyakataa mauzo au kuchukua mali kwa bei ya dau la mwisho lililotolewa kwa nia njema, fikra inayokaribiana na ile ya majaji wa Karlsruhe. Anayetaka kulinda mali yake isiuzwe kwa bei ya kutupa ana njia ya wazi: aweke bei ya kuanzia anayoweza kuishi nayo, au atangaze kwamba kuna kiwango ambacho chini yake hauzi.

Shida ni kuthibitisha. Mwenye mnada ndiye anayejua akaunti mbili zimefunguliwa kutoka kompyuta moja, zinalipa kwa kadi moja au zinapokea mizigo kwa anwani moja, na hatoi taarifa hizo kwa mnunuzi anayenung'unika. Atazitafuta akipewa malalamiko yenye kichwa na miguu: namba ya mnada, herufi za akaunti inayoshukiwa, saa za madau, asilimia za siku 30, na minada mingine ya muuzaji huyo ambamo akaunti hiyo imeonekana. Malalamiko ya kwamba bei ilipanda sana huishia kwenye jibu la kiotomatiki.

Kwa hiyo mnunuzi apige picha ya skrini ya ukurasa wa bidhaa, historia yote ya madau na muhtasari wa kila akaunti anayoitilia shaka, saa na tarehe zikionekana. Azipige kabla ya kumwandikia muuzaji neno lolote, kwa sababu muuzaji aliyeshtuka huanza kwa kuliondoa tangazo. Baada ya hapo aripoti kwa mwenye mnada, na kama ameshalipa kwa kadi, aiarifu benki wiki hiyo hiyo, maana muda wa kupinga malipo una kikomo na hausubiri uchunguzi wa mnada uishe.